Akishinda ni Yeye, Akikosea ni Ninyi Nyote

Leo tuziweke pembeni kidogo siasa za hapa nyumbani tuzungumzie magazeti na wanamichezo. Kuna swali ambalo halikosi kuzuka kijiweni kila tunapoangalia Ligi Kuu ya Uingereza: hivi kweli magazeti ya kule yanawaonea wachezaji weusi, au ni sisi tu tunaona ubaguzi kila mahali? Mimi naamini swali hili lina jibu, na jibu lenyewe lina historia ya zaidi ya miaka mia moja.

Tuanze na tukio ambalo wengi mnalikumbuka. Desemba 8, 2018, Manchester City walikuwa Stamford Bridge wakicheza na Chelsea. Raheem Sterling akaenda kuokota mpira nyuma ya goli, na kamera zikanasa sura za mashabiki wakimporomoshea matusi. Kesho yake kila mtu alikuwa anasubiri Sterling awaseme wale mashabiki. Yeye akayasema magazeti.

Kwenye ukurasa wake wa Instagram aliweka vichwa viwili vya habari vya Daily Mail. Cha kwanza kilimhusu Tosin Adarabioyo, kijana mweusi wa City. Kwa tafsiri yangu, kilisema kuwa mchezaji huyo wa miaka 20, anayelipwa pauni 25,000 kwa wiki, ametapanya fedha kwenye jumba lililokuwa likiuzwa pauni milioni 2.25 licha ya kutowahi kuanza mechi hata moja ya Ligi Kuu. Cha pili kilimhusu Phil Foden, kijana mweupe wa klabu hiyo hiyo: nyota chipukizi wa Manchester City amnunulia mama yake nyumba mpya ya pauni milioni 2.

Sterling akaeleza kuwa vijana wote wawili walikuwa wamewanunulia mama zao nyumba. Kitendo ni kimoja, klabu ni moja, na bei zinakaribiana. Lakini ukisoma kichwa cha kwanza unamwona mtoto aliyelewa fedha, na ukisoma cha pili unamwona mtoto mwenye adabu anayemkumbuka mzazi wake. Neno linalofanya kazi yote hapo ni "licha". Ondoa "licha" na hakuna kosa lolote lililobaki. Na kama kigezo ni kuanza mechi, basi hata Foden wakati ule alikuwa hajaanza mechi yoyote ya Ligi Kuu. Alianza kwa mara ya kwanza Aprili 2019. Hakuna aliyemwandikia "licha".

Sterling mwenyewe alikuwa ameonja hayo kwa miaka. Alipomnunulia mama yake nyumba mwaka 2016, gazeti la The Sun lilimwandika kama mtu anayewatusi mashabiki baada ya England kutolewa Euro. Alipopanda ndege ya bei nafuu ikawa habari, na alipoonekana kwenye duka la nguo za bei rahisi ikawa habari pia. Akitumia ana majivuno, asipotumia ana kasoro nyingine. Mei 2018, kabla ya Kombe la Dunia, The Sun lilimweka ukurasa wa mbele kwa sababu ya mchoro wa bunduki kwenye mguu wake. Ikabidi aeleze hadharani kwamba baba yake aliuawa kwa risasi yeye akiwa na miaka miwili, na kwamba aliapa hatagusa bunduki maishani. Mchoro uliokuwa wa msiba ulishapewa maana ya uhalifu kabla mwenyewe hajaulizwa.

Sasa basi, jambo hili halikuanza na Sterling, wala halikuanzia Uingereza. Ukitaka kuliona likiwa uchi, bila kujificha nyuma ya neno "licha", inabidi urudi nyuma hadi kwa bondia mmoja wa Marekani aliyeitwa Jack Johnson.

Johnson alizaliwa mwaka 1878 Galveston, Texas, wazazi wake wakiwa wamewahi kuwa watumwa. Desemba 26, 1908, mjini Sydney, Australia, alimpiga Tommy Burns wa Canada mpaka polisi wakaingilia kati katika raundi ya 14. Akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Kando ya ulingo alikuwepo mwandishi maarufu, Jack London, akiripoti kwa gazeti la New York Herald. Ripoti yake haikuishia kwenye ngumi. Alimwita bingwa mstaafu, mzungu Jim Jeffries, atoke shambani kwake akalifute lile tabasamu la Johnson. Tabasamu! Mtu ameshinda taji la dunia, anacheka, na kosa lake la kwanza kuandikwa gazetini ni kucheka.

Hapo ndipo ilipozaliwa ile kampeni ya kumtafuta mzungu wa kurudisha taji. Jeffries alikubali, na Julai 4, 1910 mjini Reno, Nevada, Johnson alimpiga mpaka pambano likasimamishwa raundi ya 15. Usiku ule kukazuka ghasia katika miji mingi ya Marekani, makundi ya wazungu yakiwashambulia weusi waliokuwa wakishangilia. Watu waliuawa, wengi wao weusi.

Katika siku zile gazeti la Los Angeles Times liliandika tahariri ikimwelekea mtu mweusi. Ujumbe wake ulikuwa huu: usitunishe kifua, usipandishe pua, hakuna atakayekuheshimu zaidi ya jana kwa sababu tu rangi yako inafanana na ya mshindi wa Reno. Kwa maneno mengine, ushindi ule ni wa Johnson peke yake na ninyi wengine haumo.

Sikiliza sasa upande wa pili. Johnson alipenda magari ya kasi, suti za bei mbaya, kilabu za usiku, na aliishi waziwazi na wanawake wa kizungu na kuwaoa. Mwaka 1912, alipomwoa Lucille Cameron, msichana wa kizungu, hakuna aliyeandika kuwa hayo ni ya Johnson peke yake. Ikawa ni ushahidi dhidi ya watu weusi wote, na mbunge mmoja wa Georgia akasimama katika Bunge la Marekani akitaka katiba ibadilishwe ili kupiga marufuku ndoa za weusi na weupe. Tayari mwaka ule ule Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuzuia filamu za ngumi kusafirishwa kutoka jimbo moja hadi jingine, na kila mtu alijua ni filamu ya nani iliyokuwa ikiogopwa. Mwaka 1913 Johnson alitiwa hatiani na baraza la wazee wa mahakama ambao wote walikuwa wazungu, kwa sheria iliyotungwa kupambana na biashara ya kusafirisha wanawake kwa ukahaba. Akakimbilia ng'ambo, akarudi mwaka 1920 kutumikia kifungo. Msamaha wa Rais ulikuja Mei 2018, miaka zaidi ya 70 baada ya kifo chake.

Mtasema, lakini Johnson kweli alikuwa mtu wa starehe. Sawa, nakubali. Basi tumpime na bingwa mwingine wa starehe, John L. Sullivan, mzungu wa Boston aliyeshika taji kuanzia mwaka 1882 hadi 1892. Sullivan alikuwa mlevi wa kutajwa, mtu wa kuingia baa na kutangaza kuwa anaweza kumpiga yeyote aliyemo. Na alitamka wazi kwamba hatapigana na mtu mweusi. Magazeti yaliyaandika maovu yake, lakini yaliyaandika kama vituko vya mwanaume shupavu. Ulevi wake ulikuwa kituko cha Sullivan. Hakuna mhariri aliyekaa chini kuwaandikia tahariri Waayalandi wa Boston wasipandishe pua.

Huo ndio mzani wenyewe, ndugu zangu. Mweusi akishinda, ushindi ni wake binafsi na jamaa zake wasijivunie. Akikosea, au akicheka tu kwa sauti, kosa ni la watu wake wote. Mweupe akishinda, jamii yake inasherehekea. Akikosea, ni yeye na tabia zake.

Bingwa mweusi aliyefuata alilijua somo hilo vizuri, au tuseme mameneja wake walilijua. Joe Louis, mtoto wa Alabama aliyekulia Detroit, aliwekewa masharti na mameneja wake, John Roxborough na Julian Black, nao pia walikuwa weusi. Asipigwe picha na mwanamke wa kizungu. Asiende kilabu cha usiku peke yake. Asimcheke mpinzani aliyeanguka. Mbele ya kamera uso wake uwe mkavu. Masharti haya hayakuwa siri. Waandishi wa habari walipewa wayaandike, ili umma ujue kuwa huyu si Johnson mwingine.

Ikafanya kazi. Louis alitwaa taji mwaka 1937, na mwaka uliofuata akamwangusha Mjerumani Max Schmeling raundi ya kwanza, hata Marekani ya wazungu ikamshangilia. Waandishi wakawa na msemo wao kumhusu, kwamba ni heshima kwa watu wa rangi yake. Ilikusudiwa iwe sifa. Lakini hebu jiulize, nani aliwahi kuandika kuwa Jack Dempsey ni heshima kwa wazungu? Ukiambiwa unawaletea heshima watu wako, maana yake watu wako wako kizimbani na wewe ni shahidi wao. Siku utakayoteleza, hukumu ni yao.

Ndiyo maana Muhammad Ali aliwakera sana. Februari 25, 1964 alimshinda Sonny Liston, kisha akatangaza kuwa ni Mwislamu na jina la Cassius Clay amelitupa. Magazeti mengi yakagoma. New York Times, gazeti linalojiona ni kumbukumbu ya taifa, liliendelea kumwita Clay kwa miaka. Kumbukeni yule Tommy Burns aliyepigwa na Johnson kule Sydney. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Noah Brusso. Jack Sharkey, bingwa wa mwaka 1932, mwana wa wahamiaji wa Lithuania, alizaliwa Joseph Zukauskas akajichukulia jina la ulingoni. Magazeti yaliandika Burns na Sharkey bila mjadala. Hata Joe Louis aliacha jina lake la mwisho, Barrow, na hakuna aliyelalamika. Kwa hiyo tatizo halikuwa kubadili jina. Tatizo lilikuwa mtu mweusi kubadili jina kwa sababu zake mwenyewe na kuzitamka.

Aprili 28, 1967 Ali alikataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam, na siku hiyo hiyo tume ya ngumi ya New York ikamnyang'anya leseni na kuacha kumtambua kama bingwa, kabla mahakama yoyote haijamhukumu. Miaka ya nyuma Jack Dempsey naye aliwahi kushtakiwa kwa kukwepa jeshi. Kesi hazifanani moja kwa moja, kwa sababu Dempsey alidai ana familia ya kuitunza, wakati Ali alikataa wazi kwa imani yake, na ni kweli magazeti yalimwita Dempsey mkwepaji. Lakini Dempsey alifika mahakamani mwaka 1920 akiwa bado bingwa, akaachiwa, na mwaka 1921 pambano lake na Georges Carpentier likawa la kwanza duniani kuingiza zaidi ya dola milioni moja. Ali alisubiri hadi mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ilipomfutia hatia kwa kura 8 kwa 0.

Na hapa hadithi inapita kwetu Dar es Salaam. Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Ali kuzunguka Afrika kuzishawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow. Tanzania ilikuwa kituo cha kwanza, na Mwalimu Nyerere alikataa kumpokea. Kwa serikali yetu ilikuwa dharau kutumiwa bondia katika jambo la kidiplomasia. Kwenye mkutano na waandishi, wenzetu wa wakati ule walimbana. Kwa nini Afrika isusie kwa ajili ya Marekani, wakati Marekani haikuisaidia Afrika iliposusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya makaburu? Ali akakiri kuwa historia hiyo hakuelezwa.

Hiki kisa nakipenda kwa sababu moja. Waandishi wale hawakumwonea haya, na maswali yao yalikuwa makali. Lakini walimhoji kwa alichokuja kufanya na kusema. Hawakuandika kuhusu kiburi chake wala rangi yake wala jina lake. Kwa hiyo inawezekana kumkosoa mwanamichezo mweusi bila kumvisha kesi ya ukoo mzima.

Kuna watakaosema hayo ni ya zamani. Basi tusogee hadi Januari 19, 2014. Richard Sherman, beki wa Seattle Seahawks katika ule mpira wao wa Kimarekani, aliupangua mpira wa mwisho na kuipeleka timu yake fainali. Dakika chache baadaye, damu ikiwa bado inachemka, akafokea kamera kwamba yeye ndiye bora na kumponda mpinzani wake. Hakutukana, hakupiga mtu. Siku iliyofuata neno la Kiingereza lenye maana ya mhuni lilitamkwa kwenye televisheni za Marekani zaidi ya mara 600. Mhuni huyo ni msomi wa Chuo Kikuu cha Stanford, na shahada yake ni ya mawasiliano.

Sherman alijibu kwa mfano ambao kila mwandishi wa michezo angepaswa kuubandika juu ya meza yake. Usiku mmoja kabla ya mechi yake, timu mbili za hoki ya barafuni za Canada, Vancouver na Calgary, zilianza mchezo kwa kupigana ngumi, karibu uwanja mzima, sekunde mbili tu baada ya filimbi. Kocha wa Vancouver alifuata ugomvi hadi kwenye mlango wa chumba cha wapinzani, na akafungiwa siku 15. Sherman akauliza, kwa maana hiyo mimi ndiye mhuni? Ligi ile ya hoki wachezaji wake karibu wote ni weupe, na ngumi zake huandikwa kama mila ya mchezo. Wanaume wanapigana kweli kweli hawaitwi wahuni, na mmoja anayepiga kelele anaitwa.

Sasa tuwe wakweli. Magazeti ya udaku ya Uingereza hayamwachi mtu kwa sababu ni mzungu. Mwaka 1998 David Beckham alipopewa kadi nyekundu dhidi ya Argentina, Daily Mirror lilichapisha uso wake ukiwa shabaha ya kurushia vishale, na sanamu yake ikanyongwa nje ya baa. Alisulubiwa hasa. Lakini aliyesulubiwa alikuwa Beckham. Hakuna aliyewaambia wazungu wa mashariki ya London wajirekebishe, na hakuna aliyehoji kama kweli ni Mwingereza. Na mlango wa kurudi ulikuwa wazi, mwaka 2000 akawa nahodha na mwaka 2001, baada ya goli lake dhidi ya Ugiriki, akawa shujaa wa taifa. George Best naye alifungwa jela mwaka 1984 baada ya kuendesha gari akiwa amelewa na kumshambulia askari, lakini simulizi lililobaki ni la kipaji kilichopotezwa na pombe, na mwaka 2006 uwanja wa ndege wa Belfast ukapewa jina lake. Sisemi hakustahili. Nasema huruma ile igawiwe kwa wote.

Nafanya kazi gazetini, na najua jinsi mambo haya yanavyotokea bila mtu kukusudia ubaya. Mara nyingi aliyeandika habari siye anayeweka kichwa cha habari. Kinawekwa usiku, haraka haraka, na mtu anayetafuta neno litakalouza. Neno la haraka ni lile lililokwishazoeleka. Mwaka 2020 ulitoka utafiti wa RunRepeat kwa kushirikiana na chama cha wachezaji wa kulipwa cha Uingereza, uliochambua kauli 2,073 za watangazaji wa Kiingereza katika mechi 80 za ligi kubwa nne za Ulaya. Watangazaji walipozungumzia nguvu, uwezekano wa kuwa wanamzungumzia mchezaji mwenye ngozi nyeusi zaidi ulikuwa mkubwa mara 6.59. Walipokosoa akili ya mchezaji, asilimia 63.33 ya ukosoaji huo uliwaangukia wenye ngozi nyeusi zaidi. Sidhani kama watangazaji wale wote wanaamka asubuhi wakipanga kubagua. Mazoea yanatosha.

Na sisi je? Kurasa nyingi za michezo za Kiswahili hujazwa na habari zilizotafsiriwa kutoka magazeti hayo hayo ya Kiingereza. Tukitafsiri habari, tunatafsiri na vivumishi vyake. Mario Balotelli akicheza Manchester City alikuwa "mtukutu" mpaka likawa kama jina lake la ubatizo, na tuliliandika sisi, Waafrika, kwa mikono yetu, bila kuuliza nani alilianzisha na kwa nini halikuwabandua wengine. Tunalipia intaneti kuchukua habari, na dharau tunapewa nyongeza ya bure.

Kuna jaribio dogo ambalo mwandishi au msomaji yeyote anaweza kulifanya. Chukua sentensi uliyoiandika au uliyoisoma kuhusu Adarabioyo, uweke jina la Foden. Kama bado inasomeka sawasawa, ichapishwe. Kama inasikika ya ajabu, basi tatizo halikuwa kwenye nyumba, wala gari, wala tabasamu.

Nawasilisha. Wadau mnasemaje?